Lugha ya Nne

Umeme ulikatika asubuhi ya kumzika mama, na mtu mmoja akaenda kuazima pasi ya makaa kwa jirani ili tunyooshe kitenge cha kumvika. Nilijitolea mimi. Mimi ndiye mtoto wake wa pekee, nani mwingine? Nikatia makaa, nikafunga kifuniko, nikapuliza mpaka yakawa mekundu, nikaishusha pasi juu ya nguo iliyonyunyiziwa maji. Ule moshi wa kwanza, ile harufu ya pamba mbichi inayoanza kuungua, ikanifikia puani. Niliiweka pasi kando, nikakaa chini kwenye saruji ya ua, na wanawake waliokuja kwenye kilio wakadhani namlilia mama. Nilikuwa namlilia, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimerudiwa na hofu ya mtoto wa miaka tisa, hofu niliyodhani nimekwisha kuizika mwenyewe.

Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, hapo Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi, viwili vya nyuma vya kwetu. Mliokulia mtaa ule mtamkumbuka: suti za harusi, sare za shule, mshono usiokwenda kombo hata unywele mmoja. Hakuwa mlevi. Nalisema hilo mapema kwa sababu watu hupenda kuisingizia pombe, na pombe haina kosa lolote katika habari hii. Baba alipiga akiwa na akili zake zote. Alipiga kwa mkanda wa cherehani, ule wa ngozi, mwembamba, unaozungusha gurudumu. Ukilegea alinunua mwingine, na wa zamani akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Ilining'inia mitatu pale. Chumvi ikizidi, mkanda. Mama akicheka na mteja, mkanda. Mama akinyamaza, mkanda vilevile. Akimaliza alinawa mikono, akarudi kwenye cherehani, na mstari wake ulikuwa umenyooka kama jana.

Siku mbili kwa juma mama alikwenda kufua mashuka ya masista, nami nikitoka shule nilimfuata huko. Ndiko nilikokutana na Masœur Inés, Mhispania mzee ambaye miguu yake ilikuwa imevimba hata hawezi kupanda ngazi. Wenzake wa nchi yake walikuwa wamekufa au wamerudi kwao. Alitaka mtu mmoja tu wa kusemezana naye lugha yao kabla hajafa, na mimi nilikuwa karibu. Alinipa kayé, yaani daftari, na kalamu, akaanza na kitenzi cha safari, nadhani kwa sababu ya ile miguu. Viajo, nasafiri. Viajas, unasafiri. Viaja, viajamos, viajáis, viajan, mpaka wote wamesafiri. Alikuwa na sharti moja gumu: kila sentensi niliyoandika lazima iwe ya kweli.

"Sentensi ya uongo inaoza mu kichwa," alisema kwa Kiswahili chake chenye r nzito. "Andika kintu ya kweli, hata kadogo."

Sharti hilo lilinitesa, maana kwetu hakuna aliyesafiri. Niliandika kwamba treni inasafiri. Niliandika kwamba samaki mkavu anasafiri kutoka Pweto, na Masœur akacheka mpaka akafuta machozi. Baada ya hapo nikaishiwa.

Lakini kitenzi chenyewe nilikishika haraka, na nitawaambia namna nilivyokishika. Baba alipoanza, mimi nilikimbilia chini ya meza ya kukatia, katikati ya vipande vya vitambaa, nikakisema kimoyomoyo. Viajo, mkanda. Viajas, mkanda. Kitenzi kina nafsi sita, na mara nyingi baba alichoka kabla sijafika ya mwisho. Kuna siku nilifika mwisho, nikaanza upya, nikafika tena, na mama hakutoka kitandani siku mbili. Masœur alinisifu kwa kichwa changu chepesi.

Mbele ya mlango wetu palikuwa na kibanda cha Mama Kapinga. Alikuwa mjane, mtu wa Kasai, aliyefundisha shule ya msingi kabla ya kuingia biashara, na aliuza nyuzi, zipu na vifungo kwa mafundi wa barabara yote. Kila nilipoleta alama nzuri alinipa kifungo kimoja, nichague mwenyewe. Mama hakuwa na rafiki mwingine. Walikaa pale jioni wakichambua mchicha na kucheka chinichini, na baba alipotokea mlangoni kicheko kilikatwa kama uzi.

Sasa, kwetu safari haisemwi. Wageni hucheka wakisikia, lakini mimi nimeona mtu anajibu simu, "Niko ku nyumba, ninalala," huku tiketi ya ndege iko mkononi. Safari iliyotangazwa ina macho juu yake. Mchawi ataifunga, mwenye wivu ataiharibu. Unafika kwanza, ndipo unasema umefika. Mama alikuwa akisema safari ni mimba changa, haionyeshwi watu. Basi kwa majuma mengi alihamisha nguo zetu moja moja, kitenge leo, gauni langu kesho, chini ya ungo wa mchicha, na Mama Kapinga akazipanga katika boksi chini ya zipu zake. Mimi sikuona kitu. Nilijua siku ya Jumapili tu, tulipotoka misa, mama aliponivuta nyuma ya ukuta wa kanisa.

"Mercredi tunaenda ku Sakania, kwa mama mukubwa," alisema. Dada yake aliolewa huko. "Papa yako atapeleka ma-uniforme, hatarudi mbele ya saa sita. Usiseme mu Kiswahili. Usiseme mu Français. Usiseme mu Kiluba. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Ukisema, papa yako ataniua. Hapana mchezo."

Nilisikia vizuri mno. Lugha tatu, nilizihesabu kwa vidole njia nzima. Usiku sikulala, na Jumatatu nilipokaa mbele ya Masœur na kayé yangu mkono ukaandika wenyewe: El miércoles mi madre viaja a Sakania. Jumatano mama anasafiri kwenda Sakania. Hatimaye nilikuwa na sentensi ya kweli yenye mtu ninayempenda ndani yake. Niliona Kihispania ni sanduku lenye kufuli, na ufunguo tunao wawili tu, mimi na bibi kizee mwenye miguu mibovu.

"Ni kweli?" Masœur aliuliza.

"Ni kweli."

Akanichorea nyota kwa kalamu nyekundu.

Jumanne jioni mteja alikuja kupimwa suti, na baba, kama mafundi wote, hakuwa na karatasi karibu. Akachukua kayé yangu juu ya cherehani, akafungua ukurasa mtupu, akaandika kifua, kiuno, mkono. Jicho lake likahamia ukurasa wa upande wa pili. Sakania ni Sakania katika lugha yoyote. Mteja alipoondoka baba aliniita, akanikalisha kwenye stuli ya wateja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Iyi ni luga gani?"

"Espagnol, papa. Ya Masœur."

Kidole chake, kilichojaa alama za sindano, kilitambaa chini ya mstari. "Miércoles. Njo mercredi?"

Nilimtazama kwa fahari. Hakuna aliyemfundisha, ameona mwenyewe. "Ndiyo, papa. Unajua?"

"Minajua kidogo." Akanipapasa kichwa. "Uko na akili, Solange."

Alinipa chaki yake ya bluu, ile bapa ya kuchorea nguo. Nililala nayo chini ya mto. Nilidhani baba amenipenda, nikamwonea hata huruma kwamba kesho tutamwacha peke yake na wateja wake. Jamani, ndivyo nilivyodhani, na sitaficha.

Asubuhi baba alitoka na furushi la sare begani. Mama Kapinga alikuwa ametangulia stesheni kutushikia nafasi, kibanda chake kimefungwa, na lile boksi la nguo lilikuwa tayari miguuni pa mama. Mama alikuwa akinifunga kamba za viatu wakati mlango wa ua ulipofunguka. Baba aliingia na furushi lilelile. Aliliweka kwenye meza polepole, sare zisije zikakunjamana. Akafunga mlango wa mbele kwa komeo. Akatoa mkanda kwenye msumari.

"Unaenda wapi?"

"Siendi fasi yoyote."

"Mercredi, unaenda wapi?"

Mama aligeuka akatazama mlango, upande wa kibanda. Nilimwona akitazama. Kisha mkanda ukashuka, nami nikaingia chini ya meza na kitenzi changu. Nafsi sita zikaisha, zikaanza, zikaisha. Alimpiga mgongoni, kichwani, kwenye vidole alivyofunikia kichwa. Mama alianguka juu ya boksi, likapasuka, gauni langu la komunyo likatoka nje. Mkanda ukakatika. Hapo nilidhani imekwisha, kwa sababu siku zote mkanda ulipokatika ilikuwa imekwisha.

Pasi ilikuwa juu ya chuma chake pembeni, na ilikuwa ya moto. Nimeishi miaka mingi na jambo hilo: aliwasha makaa alfajiri, kabla ya kutoka na furushi. Alimwinua mama, akalaza mkono wake wa kushoto juu ya meza, akaunyoosha kama anavyonyoosha mkono wa koti, na akaishusha pasi. Mimi nilikuwa chini ya meza hiyo. Niliona viatu vya baba, havikusogea. Sauti ya mama sitaiandika. Harufu mmekwisha kuisikia mwanzoni. Kitenzi kilinitoroka chote, sikubaki hata na nafsi moja. Nje watu walikuwa wamesimama, maana kuta za Kamalondo ni nyembamba, na nilisikia mwanaume akisema, "Acheni, ni bwana na bibi yake." Hakuna aliyesukuma mlango.

Mama alirudi kutoka zahanati mkono umefungwa mpaka begani, jicho moja limezibika. Aliniita kitandani. Aliongea polepole, midomo ilikuwa imevimba.

"Weye ulisema?"

"Hapana, mama."

"Mu Kiswahili?"

"Hapana."

"Mu Français?"

"Hapana."

"Mu Kiluba?"

"Hapana, mama."

Nilijibu mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa kweli. Lakini nilipofika hapana ya mwisho nilikuwa nimekwisha kujua. Msinitetee kwa umri. Nilijua jinsi mtoto anavyojua kwamba amevunja chungu, nikanyamaza kwa sababu niliuona ule mkono, na nilidhani anayevunja kitu kama hicho hulipa kwa mkono wake mwenyewe. Mama alitazama dari.

"Basi iko Kapinga," alisema. "Hakuna mwengine."

Wajomba zangu wawili walikuja kudai haki ya dada yao. Haki yenyewe, kwa desturi, ilikuwa mbuzi mmoja na kasha la bia. Baba alitoa bila ubishi. Wakamchinja mbuzi uani, mama akampika kwa mkono mmoja, nao wakamla pamoja na baba, mkono kwa mkono katika sahani moja. Mtu akinisifia desturi zetu mimi humkumbuka mbuzi yule. Walipokwisha kula, hasira ilikuwa ingali imebaki na haina mwenyewe. Mama akawatajia mwenyewe: Kapinga.

"Unamupa Mukasai siri yako," mjomba mkubwa alisema, "ulikuwa unawaza nini?"

Neno hilo lina damu yake katika mji wetu, ambako watu wa Kasai waliwahi kuwindwa na kufukuzwa, nanyi mnajua. Walitoka wakiwa wamesimama wima, hawakulewa. Mjomba mkubwa alipindua meza ya Mama Kapinga, na vifungo vikamwagika barabarani, maelfu, vikabingirika mpaka mtaroni. Alimwangusha, akampiga teke la mbavu. Mjomba mdogo aling'oa ubao wa kibanda, akampiga nao mdomoni, mara mbili. Na mama yangu, mama yangu niliyemzika juzi na ambaye nampenda, alivua kiatu akampiga nacho kichwani kwa mkono uliokuwa mzima, akilia, akisema, "Nilikupa nafsi yangu, nilikupa nafsi yangu." Ndani, cherehani ya baba ilikuwa inakwenda. Haikusimama hata kidogo.

"Hapana mimi," Mama Kapinga alisema. Meno yalimtoka na maneno.

"Ni nani basi?" mjomba mkubwa aliuliza, mguu umeinuliwa. "Taja muntu."

Mama Kapinga aliinua uso akanitazama. Nilikuwa mlangoni. Alinitazama kwa muda, damu inamtiririka kidevuni, na mimi nikadhani ananiomba msaada. Nikarudi nyuma hatua moja. Naye akateremsha macho.

"Siyui," alisema. Mguu ukashuka.

Walipoondoka niliokota kifungo kimoja, cheupe, cha matundu manne. Ndicho pekee nilichokichukua pale bila kupata alama nzuri. Mama Kapinga alihamishia biashara yake mtaa mwingine, na mama hakutamka jina lake tena. Mdomo huponza kichwa, husema wahenga. Wa kwangu uliponza vichwa vya watu wawili, wenyewe ukapona. Mwaka mmoja baadaye mama aliniamsha alfajiri, akanivisha gauni juu ya gauni, tukaondoka. Hakuniambia tunakwenda wapi mpaka treni ilipoanza kusogea. Wakati ule nilidhani anafuata desturi tu. Baba tulisikia amekufa nikiwa sekondari, hatukurudi kumzika. Kihispania sikukigusa tena, na Masœur Inés hakujua kamwe kwa nini mwanafunzi wake alipotea.

Mama aliishi na lile kovu lenye umbo la pasi, ncha ikielekea kiwiko. Alipozeeka nilimrudisha Lubumbashi, nilikokuwa nimehamia, akakaa kwangu, nikawa ninamwogesha, na kila nilipopitisha sabuni juu ya kovu nilijiambia leo nitasema. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwake, miaka yote hiyo, naye aliendelea kuniita mtoto wangu wa akili. Sikusema. Alikufa akimchukia mtu asiye na kosa.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye saruji, pasi inatoa moshi, wakati kikongwe mmoja alipoingia uani kwa mkongojo. Nilimjua alipofungua mdomo kutoa pole, kwa lile pengo mbele. Wanawake wengine walimpa kiti, yeye akaja kukaa karibu nami. Nilianza kusema kabla sijamsalimia, nisije nikaogopa.

"Mama Kapinga, ni mimi nilisema. Niliandika mu kayé. Papa akaona."

"Minajua," alisema.

Sikuelewa.

"Kesho ya ile mercredi papa yako alikuya kununua uzi. Akanionyesha ile kayé. 'Ona mutoto wangu, iko na akili.' Alikuwa anacheka." Akapangusa magoti yake. "Mbele ba wajomba yako bafike. Nilijuaka tangu mbele."

"Na ulisema hujui."

"Ningesema nini? Mjomba yako alikuwa na mguu juu. Mama yako alikuwa na kiatu. Ningesema ni mutoto, ile mguu ingeshuka kwako." Alisema hivyo kama mtu anayeeleza kwa nini alifunga duka mapema siku ya mvua. "Weye ulirudi nyuma. Nikawaza, eh, ameelewa."

Sikuwa nimeelewa. Nimeelewa juzi, nikiwa na nywele nyeupe zangu mwenyewe. Nilifungua pochi nikamwekea kile kifungo kiganjani. Alikigeuza, akahesabu matundu kwa ukucha, akakirudisha kwangu.

"Na mama hakujua," nilisema.

"Siyui kama hakujua. Mwaka muzima alikuogopa. Ile safari ya pili hakukuambia mbele, sivyo?" Akaweka mkongojo magotini. "Ile neno yenyewe. Ya masista. Unaijua bado?"

Nilidhani kitenzi kimepotea tangu siku ile chini ya meza. Nikafungua mdomo, kikatoka chote, nafsi sita, kwa sauti, kwa mara ya kwanza bila kipigo kati ya moja na nyingine. Viajo, viajas, viaja. Viajamos, viajáis, viajan. Mama Kapinga alisikiliza ameinamisha kichwa, ulimi wake ukigusa lile pengo.

"Njo ile tu?"

"Njo ile tu, mama."

"Kafupi hivi," alisema.

Kisha akaegemea mkongojo, akasimama, akaishika pasi kwa mpini wake, akalowesha kidole kwa mate akaigusa kuona kama ingali na moto. Akamaliza kunyoosha kitenge cha mama.